Bwana Moore na Fumbo la Ziwa Tanganyika



Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani. Najua kwamba wengi walionitangulia katika gazeti letu waliandika juu ya wafalme, majemadari na waliogundua dawa. Mimi nimemchagua mtu aliyekuja Afrika kutafuta konokono. Msicheke kwanza. Mtu huyo alipita katika bonde letu la Rusizi, na swali alilokuja nalo lilikuwa zito kuliko mizigo yote ya wapagazi wake. Jina lake ni John Edmund Sharrock Moore.

Kabla sijaanza habari zake sina budi kuungama kosa langu. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na sasa nafundisha sayansi huku kwetu Rwimbogo, katika wilaya ya Rusizi, ambayo wazee bado huiita Cyangugu. Babu yangu alikuwa mchuuzi wa dagaa. Alikuwa akishuka Bugarama, akavuka mpaka, akaenda hata Uvira, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili alichotufundisha sisi wajukuu wake. Jioni alitusimulia kwamba Ziwa Tanganyika ni mtoto wa bahari aliyeachwa nyuma na mama yake. Ushahidi wake ulikuwa mmoja tu: ndani ya ziwa lile mna mnyama mdogo, laini, mwangavu kama kioo, mwenye umbo la mwavuli, ambaye watu wa pwani humwita konyeza. Na konyeza, kwa kadiri babu alivyosikia, ni mnyama wa bahari.

Nilipokuwa mwalimu nilikuta maneno hayohayo katika kitabu kikuukuu, na jina la Bwana Moore likiwa pembeni yake. Nikafurahi mno. Kwa miaka kumi niliwafundisha watoto wa watu kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale. Hata siku moja binti mmoja wa kidato cha pili akasimama kwa adabu, akaniuliza: ikiwa ziwa lilikuwa bahari, chumvi yake ilikwenda wapi, na mtu anawezaje kujua? Sikuwa na jibu. Nilimwambia akae, nikaendelea na somo, lakini usiku sikulala vizuri. Makala haya ni jibu langu kwake, na ni toba yangu kwa wote walionisikiliza kabla yake.

Basi, Moore alizaliwa Uingereza mwaka wa 1870. Alisoma elimu ya viumbe huko London, katika Chuo cha Kifalme cha Sayansi. Wakati ule mafundisho ya Darwin yalikuwa yamekwisha kuenea, na kila kijana mwenye akili alitaka kujua kila kiumbe kilitoka wapi na kiligeukaje mpaka kuwa kama kilivyo. Moore alikuwa na macho makali ya kutazama vitu vidogo katika darubini. Alipokuwa na miaka 22 tu alikwisha kuwapa wataalamu neno jipya la kuelezea jinsi nyuzi za urithi zinavyoungana mbilimbili ndani ya chembe ya uhai. Tutarudi kwenye jambo hilo baadaye.

Sasa yatupasa tujue jinsi Tanganyika ilivyokuwa imewashangaza watu wa Ulaya. Burton na Speke walifika huko mwaka wa 1858. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipiga makasia mpaka kaskazini ya ziwa, wakaona kwa macho yao kwamba mto wetu Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Speke alileta makombe machache ya konokono, na baada yake wamisionari waliokaa ufukweni walipeleka mengine London. Wataalamu walipoyapanga mezani walishangaa. Konokono wa maziwa mengine huwa na magamba membamba, mepesi, yasiyo na urembo. Haya ya Tanganyika yalikuwa mazito, yenye miiba, matuta na mistari, kama yale yanayookotwa Mombasa au Zanzibar. Kisha mwaka wa 1883 Mjerumani aitwaye Böhm akamwona konyeza ndani ya maji yale. Ndipo watu wakaanza kuuliza kama ziwa hili halikuwa bahari hapo kale.

Moore alitumwa na wanasayansi wa London akaangalie mwenyewe. Mwaka wa 1896, akiwa na miaka 26, alifika Tanganyika upande wa kusini baada ya kupitia Ziwa Nyasa. Hakutosheka na makombe yaliyolala mchangani. Alishusha nyavu za kukokota mpaka chini, mahali penye kina, akavuta wanyama walio hai, akawapasua na kuwatazama matumbo, mishipa na meno. Watu wa kandokando ya ziwa walimwona kuwa mtu wa ajabu, na nadhani hata sisi leo tungemshangaa, maana alikuwa akifurahia tope kuliko wengine wanavyofurahia pembe za ndovu.

Aliporudi kwao alikuwa na wazo kamili. Alisema kwamba Tanganyika ina jamii mbili za wanyama. Jamii ya kwanza ni ile ya kawaida, inayopatikana katika maziwa yote ya Afrika. Jamii ya pili ni ile inayofanana na ya bahari: konyeza, konokono wenye magamba mazito, kaa, uduvi na wengineo. Hao wa pili, kwa mawazo yake, walikuwa mabaki ya bahari ya zama za Jura. Alichukua magamba ya Tanganyika akayaweka kando ya magamba ya mawe yaliyochimbwa Ulaya katika matabaka ya zama hizo, akaona yanalingana moja kwa moja, kama ndugu waliotengana. Akatangaza kwamba wanyama wa bahari ile ya kale waliokufa kila mahali duniani wamebaki hai hapa Afrika, katika ziwa moja tu.

Msomaji, fikiri ukubwa wa wazo hilo. Zama za Jura zilikwisha miaka milioni 145 iliyopita. Kama Moore alikuwa na haki, basi mvuvi wa Kigoma au Uvira alikuwa akivua kila usiku katika bahari iliyozeeka kuliko milima ya Himalaya.

Lakini kuna jambo moja lililonifanya nimheshimu Moore, nalo ndilo sababu ya kuandika habari zake hapa. Hakukaa London akisubiri sifa. Alijiuliza: ikiwa bahari iliingia, iliingilia wapi? Njia iliyoonekana rahisi ilikuwa bonde kuu la ufa, linaloteremka toka kaskazini, toka upande wa Bahari ya Shamu, likapita penye maziwa ya Albert, Edward na Kivu, mpaka Tanganyika. Kama bahari ilipita njia hiyo, basi na maziwa hayo mengine yangebakiwa na wanyama wale wale. Yaani alijiwekea mtihani mwenyewe, mtihani ambao angeweza kushindwa.

Kwa hiyo alisafiri tena, mwaka wa 1899 na 1900, pamoja na mpima ardhi aitwaye Malcolm Fergusson. Walipita Nyasa, wakaja Tanganyika, wakavuka toka kusini mpaka kaskazini, kisha wakapanda bonde la Rusizi. Hapo ndipo alipopita kwetu. Anayeijua njia hiyo anajua kazi yake: unaacha joto la tambarare ya chini, na unapanda mpaka kwenye baridi ya Kivu. Uso wa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya bahari, na uso wa Kivu uko mita 1,460 hivi. Rusizi hushuka tofauti hiyo yote kwa kelele, na ndiyo maana leo mto huo unatupa umeme. Miaka michache tu kabla yake, mwaka wa 1894, Mjerumani von Götzen alikuwa Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Kivu. Hakuna mtaalamu wa viumbe aliyekuwa amelichunguza.

Moore alitupa nyavu zake Kivu kwa matumaini makubwa. Akavuta, akatazama. Hakuna konyeza. Hakuna konokono wa miiba. Ziwa lilikuwa zuri kwa macho lakini maskini kwa viumbe, na wachache aliowapata walikuwa wa kawaida tu. Jambo hili sisi wa Rusizi hatuwezi kulishangaa. Wazee wetu wanakumbuka kwamba hata isambaza tunazokula leo hazikuwa za Kivu. Zilichukuliwa Tanganyika na kutiwa Kivu karibu na mwaka wa 1959, kwa sababu ziwa halikuwa na samaki wa namna hiyo. Moore aliendelea kaskazini mpaka Ziwa Edward, akapanda milima ya Rwenzori mpaka kwenye theluji, akatokea Uganda. Kote huko majibu yalikuwa yaleyale.

Hapo ndipo penye kiini cha maisha ya mtu huyu. Ziwa Kivu lilimwambia hapana. Je, alifanya nini? Alilisikia nusu. Alikiri waziwazi, bila kuficha kitu, kwamba bahari haikupita kaskazini, wala katika bonde letu. Hilo ni jambo la heshima, maana wengi wangenyamaza. Lakini hakuliacha wazo lake. Aliihamisha njia ya bahari akaipeleka magharibi, akasema kwamba ilikuja kupitia bonde la Kongo. Mwaka wa 1903 alitoa kitabu kikubwa kuhusu fumbo la Tanganyika, chenye picha nyingi nzuri za wanyama wake, na humo akaitetea njia hiyo mpya.

Wapinzani hawakukawia. Mtaalamu wa mawe aitwaye Hudleston alionyesha mwaka wa 1904 kwamba kufanana kwa magamba hakutoshi. Mwaka huohuo mtaalamu mwingine wa viumbe, Cunnington, alitumwa Tanganyika kwa safari ya tatu. Alikusanya wanyama wengi zaidi, akawalinganisha kwa miaka mingi, na mwaka wa 1920 akatoa uamuzi wake: wanyama wa Tanganyika hawakutoka baharini. Ni wenyeji wa maji baridi waliokaa peke yao kwa muda mrefu mno katika ziwa kubwa, wakabadilika humo humo. Konyeza naye, shahidi mkuu wa babu yangu, alionekana baadaye katika Ziwa Victoria na katika mito ya Afrika ya Magharibi. Kumbe ni konyeza wa maji baridi.

Na yale magamba mazito? Leo tunajua sababu nzuri. Tanganyika ina kaa wenye magando yenye nguvu, wanaovunja konokono kama sisi tunavyovunja karanga. Konokono mwenye gamba jembamba aliliwa, mwenye gamba nene akaokoka akazaa. Baharini pia mambo ni hayohayo. Adui wa namna moja huleta silaha ya namna moja. Moore aliona sare ya askari akadhani wote ni wa jeshi moja.

Baada ya safari zake Moore alirudi kwenye darubini. Mwaka wa 1905, pamoja na mwenzake Farmer, aliwapa wataalamu jina la ule mgawanyiko wa chembe unaopunguza nyuzi za urithi kuwa nusu, ambao leo kila mwanafunzi wa kidato cha juu huuita meiosisi. Wanafunzi wengi wameliandika neno hilo katika mtihani bila kujua kwamba mmoja wa waliolitunga alipita kwa miguu katika bonde la Rusizi. Alichunguza pia chembe za saratani. Kisha, akiwa bado hajazeeka, aliiacha kazi ya sayansi kabisa. Alikufa mwaka wa 1947, na kabla ya kufa aliishi miaka mingi huku akiona wazo lake kuu likiwekwa kando na wataalamu.

Hizo ndizo habari za maisha yake. Lakini swali la binti yule bado halijajibiwa, maana Cunnington alihukumu kwa kutazama wanyama. Chumvi je?

Tuanze na maji yenyewe. Mwaka wa 1884 mkemia Dittmar alichapisha kazi yake juu ya maji 77 yaliyoletwa toka bahari zote na meli ya Kiingereza iitwayo Challenger. Alithibitisha kwamba chumvi za bahari zinaweza kuwa nyingi au kidogo, lakini mchanganyiko wake ni uleule kila mahali. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni klorini, ile iliyo ndani ya chumvi ya mezani. Sasa chukua lita moja ya Tanganyika: chumvi yake haifiki gramu moja. Ya Kivu, juu, ina gramu moja na kidogo. Chini kabisa, gramu sita hivi. Tena mchanganyiko wake ni tofauti. Maji yetu yana kabonati nyingi, magnesi, sodiamu na potasi, ambazo hutoka katika mawe ya volkeno na katika chemchemi za moto. Klorini ni kidogo. Chumvi ya Kivu si chumvi ya bahari iliyotiwa maji. Ni chumvi ya aina nyingine kabisa.

Mtu mwenye akili atapinga. Atasema kwamba Tanganyika inamwaga maji yake kupitia mto Lukuga, na kwa mamilioni ya miaka chumvi ya bahari ingekwisha kuoshwa yote. Hoja hiyo ni ya haki. Maji ya leo hayawezi kuwa shahidi wa maji ya kale. Ndiyo maana inatupasa kumwita shahidi ambaye hakuondoka, naye ni tope la chini.

Kila siku vumbi, majani, magamba na udongo huzama na kutua chini ya ziwa au bahari. Mashapo hayo hulala tabaka juu ya tabaka, la zamani chini na jipya juu, kama kurasa za daftari. Na kila tabaka huchukua alama ya maji yaliyokuwa juu yake siku ile. Watu wa kwetu wanaijua habari hiyo bila kufundishwa. Tazama birika la chai: maji yamemwagwa zamani, lakini ukoko mweupe umebaki ndani. Tazama chemchemi za moto za Mashyuza, karibu na Bugarama: maji yake yameacha jiwe la chokaa, na jiwe hilo ndilo linalochimbwa kutengeneza saruji yetu. Maji yamekwenda, jiwe limebaki kueleza yalikuwa maji gani.

Wakemia wana mashahidi kadhaa katika tope. Wa kwanza ni boroni. Maji ya bahari yana miligramu nne na nusu hivi za boroni katika kila lita, na mito ina kidogo sana. Udongo wa mfinyanzi ukizama baharini hushika boroni na hauiachii kwa urahisi. Mwaka wa 1932 Goldschmidt na Peters walionyesha kwamba udongo uliotua baharini una boroni nyingi kuliko ule uliotua katika maji baridi, na tangu hapo watu wamekuwa wakiipima ili kujua chumvi ya maji ya kale. Shahidi wa pili ni jozi ya strontiamu na bariamu. Mto unapofika baharini, salfa iliyo katika maji ya chumvi huifanya bariamu igande na kutua upesi, lakini strontiamu huendelea kuelea mbali. Kwa hiyo tope lenye strontiamu nyingi kuliko bariamu huelekea kuwa la bahari. Shahidi wa tatu ni salfa yenyewe. Bahari ina salfa nyingi, na bakteria wa kwenye tope huitumia, wakaacha nyuma madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu ya uongo.

Lakini hapa naomba wanafunzi wawe waangalifu, wasije wakalirudia kosa la Moore kwa njia nyingine. Shahidi mmoja anaweza kudanganya. Chemchemi ya moto inaweza kuleta boroni ziwani bila bahari kuwapo. Udongo wa namna moja hushika zaidi kuliko udongo wa namna nyingine. Ndiyo maana mkemia mzuri huwaita mashahidi wote pamoja, akawauliza mmojammoja, na hatoi hukumu mpaka wakubaliane.

Kwa njia za namna hii wataalamu wameisoma hata bahari kuu. Wakitoboa chini ya bahari hukuta maji kidogo yamenaswa katikati ya chembe za tope tangu zamani. Maji hayo yameonyesha kwamba miaka 20,000 iliyopita, wakati wa barafu kubwa, bahari ilikuwa na chumvi zaidi kwa asilimia tatu hivi. Sababu yake ni nyepesi: maji matamu yalikuwa yamefungwa katika barafu juu ya nchi kavu, na uso wa bahari ulishuka mita 120 hivi. Chumvi ikabaki katika maji yaliyopungua, kama mchuzi uliokaushwa mno jikoni.

Na kwetu? Mwaka wa 1971 na 1972 msafara wa wataalamu, pamoja na Mjerumani Egon Degens, ulifanya kazi katika Ziwa Kivu. Walipima maji, wakashusha mabomba marefu na kuchomoa nguzo za tope. Ndani ya nguzo za Kivu mna matabaka meupe ya chokaa na matabaka meusi, na kila badiliko la rangi ni badiliko la maji. Kazi hiyo na nyingine zilizofuata zimetupa historia ambayo Moore angeipenda. Zamani Kivu ilimwaga maji yake kaskazini. Volkeno za Virunga zikaziba njia. Maji yakapanda, na karibu miaka 10,000 iliyopita yakafurika kusini. Ndipo Rusizi ikaanza kubeba chumvi za Kivu mpaka Tanganyika, na maji ya Tanganyika yakageuka. Kwa hiyo chumvi nyingi iliyomo leo katika Tanganyika haikutoka baharini. Ilipita hapa, chini ya milima yetu. Tena bonde lote la Tanganyika limekadiriwa kuwa na miaka milioni tisa hadi 12. Lilifunguka zaidi ya miaka milioni 130 baada ya zama za Jura kwisha. Hapakuwa na ziwa la kuingiwa na bahari ile.

Hilo ndilo jibu langu kwa binti yule. Chumvi ya bahari haikwenda popote, kwa sababu haikuwapo. Na mtu anajua kwa kuliuliza tope.

Huenda mwanafunzi mmoja akasema kwamba haya ni mambo ya kujifurahisha tu. Sivyo. Chini ya Kivu mmefungwa gesi nyingi mno: kabonidayoksaidi ya kilomita za ujazo 300 hivi, na methani ya kilomita za ujazo 60 hivi. Kinachoizuia isipande ni uzito wa maji ya juu pamoja na ile chumvi ya chini, inayoyafanya maji ya kilindini kuwa mazito yasichanganyike na ya juu. Mwezi wa Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo ni dogo sana kuliko letu, lilitoa gesi yake kwa ghafula usiku, na watu 1,700 hivi wakafa. Kandokando ya Kivu wanaishi mamilioni. Leo methani ile inavutwa ili kutoa umeme, na wataalamu wanasoma tope la chini kutafuta kama ziwa limewahi kupinduka zamani, na lini. Swali la chumvi ya kale limekuwa swali la usalama wa watoto wetu.

Sasa nirudi kwa Moore. Je, maisha yake yalipotea bure? Kwa muda nilifikiri hivyo, hasa siku zile nilipokuwa na hasira kwa kuwa kitabu chake kilinifanya nidanganye darasa. Lakini hasira yangu haikuwa ya haki. Yeye alipanda bonde la Rusizi kwa miguu yake ili alijaribu wazo lake. Mimi niliketi katika kiti nikalirudia tu. Yeye alipokuta Kivu haina wanyama wake aliandika hivyo, na kila mtu akasoma, hata wapinzani wake wakatumia maandishi hayohayo kumshinda. Kosa lake lilikuwa moja: jibu lilipokuja kinyume, aliihamisha njia badala ya kulipima upya wazo zima. Kosa hilo ni la wengi, wala si la wasomi peke yao.

Juma lililofuata nilisimama mbele ya kidato cha pili, nikafuta maneno yangu ya zamani ubaoni, nikawaeleza kwamba nilikosea na kwa nini. Nilidhani heshima yangu ingeshuka. Badala yake mikono mingi iliinuliwa kuliko siku nyingine zote. Binti yule aliomba tuchukue maji ya Rusizi na maji ya chemchemi ya Mashyuza, tuyachemshe mpaka yakauke, tupime kinachobaki. Tulifanya hivyo kwa sufuria mbili na mizani ya duka. Sufuria ya Mashyuza ilibaki na ukoko mzito zaidi, na wanafunzi waliupitisha mkono kwa mkono kama kitu cha thamani.

Babu yangu amekwisha kufa. Naamini angenisamehe kwa kumpinga. Alikuwa mtu wa biashara, naye hakununua gunia la dagaa kwa kutazama juu tu. Siku zote alitia mkono mpaka chini.

Mwanafunzi wenu wa zamani,
Rwimbogo, Rusizi.